Maswali yenu: Nimepewa shindano la madaraja chuoni, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma uhandisi wa ujenzi mwaka wa 3 huku Nyegezi, Mwanza. Mwezi ujao kwenye festival ya chuo nimepewa kuongoza shindano la madaraja, timu za watu wanne wanajenga kwa tambi na gundi halafu tunapakia mzigo mpaka livunjike. Mwaka jana ilikua vurugu, timu moja ilijaza gundi daraja likawa zito balaa wakachukua ushindi, wenzao wakagoma. Nifanyeje isijirudie? Na mimi naruhusiwa kushindana?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera. La mwisho nalijibu kwanza: hapana, usishindane. Anayeshika mizani hawezi kuwa na daraja mezani, hata kama roho yako ni safi namna gani watu watasema tu.

Sasa gundi. Mwaka jana mlihesabu mzigo peke yake ndo maana mkagombana. Pima daraja kabla halijapakiwa, halafu gawanya mzigo kwa uzito wa daraja lenyewe. Daraja la gramu 400 likibeba kilo 12 limebeba mara 30 ya uzito wake, la kilo 1 likibeba kilo 20 ni mara 20, kwahiyo daraja dogo linashinda na aliyemwaga gundi anajikomoa mwenyewe. Hii iandikwe, ibandikwe ukutani na kila timu isaini kabla pakiti ya tambi haijafunguliwa, maana sheria ikitangazwa kwa maiki baada ya watu kuanza kujenga hata iwe nzuri vipi wataiona imetungwa kumbeba mtu.

Mzigo tumia maji, achana na mchanga, ule wa ziwani ukiwa mbichi ni mzito kuliko mkavu na hapo ugomvi unaanza upya. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kila mtu anaijua. Weka meza mbili, katikati nafasi ya sentimita 50, ning'iniza ndoo ya lita 20 katikati ya daraja (ndoo nayo ipimwe, inahesabika kwenye mzigo), mimina jagi moja moja, subiri watu wahesabu mpaka kumi, endelea. Ndoo iwe juu kidogo tu ya sakafu, chini weka godoro kuukuu, wanaosogea karibu wavae miwani ya kinga coz tambi zikikatika vipande vinaruka. Na tafadhali sana kaa mbali na ekstensheni za DJ.

Gundi nyeupe ya mbao ina maji, inalainisha tambi, chukueni gundi ya moto ya bunduki (vile vijiti vinavyoyeyushwa kwenye kifaa kama bastola), inashika ndani ya dakika chache. Pakiti zisifunguliwe mapema, tambi zinanyonya unyevu na huku ziwani tunajua hewa ilivyo.

Kitu ambacho ningependa usikiruke ni kuwaeleza watazamaji wanaona nini, maana wengi watakua wa kozi nyingine. Wengi wameshapita daraja la Kigongo–Busisi lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, waambie nyaya zake zinavutwa, nguzo zake zinakandamizwa, na daraja la tambi lina hayohayo mawili. Tambi ikivutwa inajitahidi, ila ikikandamizwa ikiwa ndefu inapinda kama upinde halafu pa! Ukiifupisha nusu, mzigo wa kuipindisha unapanda mara 4, ndo maana timu zinazogawa vipande vifupi kwenye pembetatu huwa zinaenda mbali, hapo hata wa sheria na uhasibu watakua wanabishana daraja lipi litaanzia wapi kuvunjika.

Waamuzi wawe wawili, mmoja asitoke idara yenu. Kila daraja lipigwe video mpaka linaanguka, simu iwe kwenye stendi, na jagi la mwisho lihesabiwe tu kama daraja lilisimama mpaka kumi. Mizani ya gramu ya jikoni iazime wiki moja kabla, ijaribu na pakiti ya sukari ya kilo 1 uone inasema ukweli.