Je, Mungu akijua nitakalofanya, bado nina hiari?

SWALI: Ndugu mhariri, ikiwa Mungu alijua tangu milele kwamba mashahidi wa Namugongo wangekufa kwa ajili ya imani, utii wao ulikuwa na thamani gani? Msomaji, Jinja.

JIBU: Ndugu msomaji, kujua jambo si kulisababisha. Boethius, mwanafalsafa Mkristo aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 6, alieleza kwamba Mungu, akiwa nje ya wakati, huyaona yote kwa pamoja kama tunavyoona yaliyo mbele ya macho yetu, na kumwona mtu akitembea hakumlazimishi kutembea. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, inatosha kuhusu ujuzi wa Mungu. Kuhusu mapenzi yake ni ngumu zaidi, kwani Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, alifundisha kwamba Mungu huwachagua watakaookoka, ilhali Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547, ulisisitiza kwamba hiari ya mwanadamu, inapoguswa na neema, inaweza pia kuikataa.

Mtazame Mbaga Tuzinde, mmoja wa mashahidi hao, aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wanyongaji wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mukajanga alimsihi aikane imani, au angalau akubali kufichwa, naye akakataa, akauawa tarehe 3 Juni 1886. Njia ya kuokoka ilikuwa wazi, tena ikifunguliwa na yule yule aliyepewa amri ya kuua. Paulo, kwa Wafilipi, anawaagiza waumini wautimize wokovu wao, kisha anaongeza papo hapo kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao; hakuona haja ya kufuta upande mmoja.