Bibi hataki maji na joto hili la Dar

SWALI: Shikamoo dokta, bibi yangu ana miaka 74 tunakaa nae Temeke, chumba chake cha bati hakina silingi bodi, sasa joto hili la kaskazi yeye anasema hana kiu, chai ya asubuhi basi. Juzi kaenda sokoni saa saba mchana karudi anayumba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mtu akizeeka kiu inapungua, mwili unakauka na mwenyewe wala hajui, alafu Dar hewa ina unyevu mwingi jasho halikauki ndo maana hata kivulini anachemka. Usibishane nae (bibi hashindwi), muwekee tu kikombe pembeni kila akikaa, maji, uji mwepesi, tikiti, vyote vinasaidia. Sokoni aende asubuhi kabla ya saa nne, mchana akae chini ya mti maana hicho chumba ni oveni. Anameza zile dawa za presha za kukojoza? Muulizeni daktari wake, na kama moyo au figo zinasumbua maji yana kipimo, ila dawa asiache mwenyewe. Siku akianza kuongea visivyoeleweka na mwili wa moto, mmwagieni maji, mpepeeni, hospitali hapohapo.