Vishikwambi Kabatini, Mchango Mkononi

SWALI: Bwana Mhariri, nina watoto wawili katika shule ya msingi ya umma karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu. Mwaka 2017 shule yetu ililetewa vishikwambi na serikali, vikafungiwa katika kabati la chuma ofisini kwa kuhofia wezi, na kifungua mimba wangu alimaliza darasa la nane bila kuvigusa. Sasa mkutano wa wazazi umeamua kila mzazi atoe shilingi 1,000 za kununua tarakilishi mpya. Je, ni lazima nilipe? Na vile vya zamani ni vya nani?
Mzazi, Ahero

JIBU: Ndugu mzazi, uamuzi wa mkutano peke yake haukulazimishi kulipa. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo, na malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata yakiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kutolipiwa, na kinachopokelewa hutolewa risiti rasmi. Basi uliza barua ya idhini iko wapi.

Vile vya kabatini vililetewa shule kwa ajili ya wanafunzi, navyo ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Ahadi ya kampeni za mwaka 2013 ilikuwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza; zabuni ya kwanza ikabatilishwa, na vifaa vilipoanza kufika mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi vya kutumiwa shuleni, vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa kigeni. Zaidi ya milioni moja vilisambazwa. Kwa maoni yangu, vilivyofikishwa vilihesabiwa kwa bidii kuliko vilivyotumiwa.

Asikwambie mtu kwamba vilikaa bure kwa kukosa intaneti, kwa sababu mpango ule uliandamana na projekta na seva ya kuhifadhia masomo papo hapo shuleni. Tatizo la kweli huenda likawa betri, maana betri ya lithiamu ikiachwa tupu kwa miaka mingi, tena katika joto la Ahero, mara nyingi hufa ingawa kifaa chenyewe ni kizima. Tena masomo ya wakati ule yalifuata mtaala wa 8-4-4, nao mtaala wa umilisi ulianza rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, kwa hiyo itabidi walimu wapakie masomo mapya ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala.

Iombeni bodi ya shule ilifungue kabati mbele ya wazazi, kila kifaa kichajiwe na kujaribiwa, na hali yake iandikwe kwenye rejista. Pengine mtaona kwamba kinachohitajika ni betri kadhaa, fundi, na vyuma vya dirishani. Ila mwalimu mkuu aanze kuutafuta ufunguo mapema.