Ekseli ya nyuma ya pikipiki imekwama: kuitoa na kuirudisha

Ndugu yangu wa Kayole, umesema nati imefunguka lakini ekseli, ule mhimili wa chuma unaopita katikati ya gurudumu, haisogei, na fundi anataka kuikata. Usimruhusu bado. Mara nyingi ni kutu tu kati ya ekseli na busha, yaani vile vipande vya bomba la chuma ambavyo ekseli hupita ndani yake.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali tambarare. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu pande zote mbili, uache usiku kucha. Asubuhi shika kichwa cha ekseli kwa spana, kizungushe mbele na nyuma; ikianza kuzunguka, itatoka. Ukilazimika kugonga, rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya ekseli, kisha gonga kupitia kipande cha mbao. Nyundo ya chuma kwenye nyuzi za ekseli, pale nati inapofungwa, itakupeleka kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kununua ekseli nyingine.

Kabla gurudumu halijatoka, piga picha ya busha: ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazilingani urefu.

Kurudisha ni kupaka grisi, kulinganisha alama za kurekebishia cheni pande zote na kukaza. Ila kwa breki ya ngoma, tafadhali hakikisha ile fimbo inayoshika bamba la breki imefungwa boliti, nati na pini mpya. Ikiachwa wazi, ukikanyaga breki bamba linazunguka na gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Hebu fikiria hilo Jogoo Road, nyuma yako kuna matatu.

Mwisho zungusha gurudumu kwa mkono na ujaribu breki kabla ya kubeba abiria.