Eti MRI inasoma mawazo ya mtu?

SWALI: Assalaam alaykum dokta. Binti yangu anasoma Uingereza, juzi kapiga simu kasema kaombwa aingie kwenye utafiti wa ubongo, analazwa ndani ya mashine ya MRI anaoneshwa mapicha huku wanamtizama kichwa. Mie roho haijatulia. Shoga zangu wananambia ile mashine inasoma mpaka unachokiwaza, na mionzi yake inakausha ubongo. Nimkataze?
Mama, Wete Pemba

JIBU: Waalaykum salaam mama. La mionzi jepesi, haimo kabisa. Hiyo ni ya eksirei na sitiskani, MRI ni sumaku na mawimbi ya redio tu, ubongo haukauki wala hauungui.

Hilo la mawazo ndilo linalotaka maelezo. Wanachokifuata mle ni damu. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionesha kuwa damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa hazifanani mbele ya sumaku, sasa sehemu ya ubongo ikishughulika inaletewa damu mpya kwa wingi na mashine inaiona. Lakini damu yenyewe inachelewa kama sekunde 5 hivi, na kila kijisehemu cha picha ni milimita 2 au 3 ambazo ndani yake mna seli za neva malaki kwa malaki. Ni sawa na kuuangalia Mji Mkongwe usiku ukiwa ndani ya boti, unaona mtaa gani una taa, wanachozungumza watu majumbani hukisikii. Kweli kompyuta ikifundishwa masaa mengi na mtu mmoja inaweza kukisia anatizama picha gani, ila awe radhi mwenyewe, akiamua kuwaza vyengine inapotea.

Na mie naomba usimkatazie, sababu ni hii. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake wa Cambridge, huko huko Uingereza, walimuweka kwenye MRI msichana wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari, miezi imepita hajibu chochote, wakamwambia afikirie anacheza tenisi, halafu afikirie anatembea vyumbani kwao, na ubongo ukafanya vilevile kama wa mtu mzima wa afya. Alikuwa anawasikia! Na wangejuaje kama si watu wazima wa afya waliokubali kulala mle kwanza wakapigwa picha za kulinganishia? Binti yako ndio anaombwa kazi hiyo.

Cha kuogopa hasa ni chuma. Sumaku zao nyingi ni za tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), sumaku ya dunia yenyewe haifiki hata chembe ya hapo, na haizimwi akitoka mtu. Pini za mtandio zote azitoe, hata ile ndogo ya chini ya kidevu inayosahaulika, na heleni na bangili, wanja aufute maana mwengine una chembe za madini. Kama ana chuma mwilini au ana mimba aseme kabla. Makelele mle ni makubwa, atapewa vya kuziba masikio, na mkononi kitufe, akiona dhiki abonyeze atolewe, hakuna wa kumlazimisha.

Jengine mwambie aulize kabla hajatia saini: wakiona kitu kisicho cha kawaida kichwani mwake, watamwambia au hawamwambii, na nani atakayemsomea picha hizo?