Tukiziba Masikio Wote, Nani Atamwambia Dereva Apunguze Mwendo?

Mhariri, wiki hii mnauliza kama hedifoni za kuzuia kelele zinastahili bei yake kwa msafiri. Bei siigusi. Mimi ni mtu wa mabasi, Dar na Mbeya, marobota ya vitenge kwenye buti, na ninachotaka kusema ni kama abiria wa basi ana haki ya kutosikia. Hana.

Kwenye ndege sawa, jizibe. Hata ukipiga kelele rubani hakusikii. Na ndiko Amar Bose, mhandisi wa Marekani mwenye kampuni ya Bose, alikopatia wazo la hedifoni zake: alikuwa ndani ya ndege kutoka Zurich mwaka 1978, injini zikimharibia muziki. Dereva wa basi anatusikia. Sheria imemwekea kilomita 80 kwa saa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wamemfungia kifaa cha kufuatilia mwendo, lakini mdomo wa abiria nao ni breki.

Mwaka jana tulitoka Stendi ya Magufuli jioni, kampuni siitaji. Hadi Morogoro salama, ukiacha filamu ya mama mkwe mchawi iliyokuwa ikifoka kwenye runinga. Tulipoingia mbuga ya Mikumi nikasikia injini imebadilika. Mngurumo ulipanda ukakaa huko huko juu, hata matuta tukawa tunayaruka. Kifaa kikaanza kulia, pii, pii. Mnajua konda alifanya nini? Akaongeza sauti ya filamu! Mzee mmoja wa siti za mbele, mwenye baraghashia, akasema kwa upole, “Dereva, baba, humu mna watoto.” Kimya. Mama mwenye kichanga akasimama: “Punguza au tushushe!” Basi zima likaitikia, na mimi nikawa nagonga kioo kwa chupa ya maji. Konda akatujibu kwamba wenye haraka ya kuishi wangepanda punda. Ndipo mtu akaanza kusoma kwa sauti namba ya LATRA iliyobandikwa juu ya mlango, tarakimu moja moja, huku simu iko mkononi. Hakufika mwisho. Gari lilishuka mwendo hapo hapo, na pii, pii ikakoma.

Muda wote huo kijana wa siti ya jirani alikuwa na hedifoni kichwani, mdomo wazi, amelala. Ilula ndiyo akaamka: “Shangazi, mlima Kitonga tumeshapita?” Nikamwambia tumepita, na wewe tumekupitisha.

Basi nilizichukia. Baadaye binti yangu akaniazima zake nikazivaa safari ya usiku. Injini ikafutika. Mama mkwe mchawi nikamsikia neno kwa neno! Binti akanieleza kwamba vipaza sauti vidogo vilivyomo hunasa mngurumo mzito usiobadilikabadilika, kisha hedifoni zinatoa mawimbi ya kinyume yake. Maneno ya watu na milio ya ghafla hupenya kwa urahisi zaidi. Yaani kinafutwa nilichokihitaji Mikumi, ninabakiziwa nilichokikimbia.

Ila kwa hesabu hiyo hiyo sauti ya yule mama ingepenya pia. Kijana nadhani alizibwa na muziki aliouweka juu yake. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, humo ndimo tunamolala, asubuhi tunafungua biashara. Kichwa changu siku ile ya kuazima hakikuuma, hilo siwezi kulikana.

Kwa hiyo vaeni, bila muziki. Wa siti za mbele msivae, nyinyi ndio mnaomwona dereva. Konda akitangaza kuchimba dawa, vueni, maana basi halisubiri. Mwanamke anayesafiri peke yake aache sikio moja wazi, na simu aifiche. Binti nimemwagiza anitafutie za bei ya kati, nitazivaa kuanzia Mafinga, Mikumi na Kitonga zikiwa nyuma. Siku makonda watakapozima runinga saa nne usiku, namrudishia.