Mbudya na watoto: angalia mwezi kwanza
Umeuliza siku nzuri ya kwenda kisiwa cha Mbudya bila kuharibu matumbawe. Pale ni hifadhi ya bahari tangu 1975, ingawa Dar iko ng'ambo tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: bahari hujaa sana kisha hupwa sana, watu huishia kukanyaga matumbawe kwa viatu, na tawi likivunjika huchukua mwaka kurefuka sentimita chache. Nenda siku za maji mafu, yasiyopwa sana, mwezi ukiwa nusu. Vukeni kutoka Kunduchi asubuhi. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, mchana bahari huchafuka. Nahodha afunge boti kwenye boya, au atie nanga mchangani, si kwenye mwamba. Watoto wavae fulana za mikono mirefu, mafuta ya jua myapunguze kwa ajili ya matumbawe. Makombe ya baharini yabaki pale.